Tapu ya Broadway au tapu ya midundo: uanze na ipi?

Mwezi uliopita, dada mmoja wa nyumbani ninayesali naye hapa Chicago alinivuta pembeni tukitoka ibadani. "Kaka, nishauri," akaniambia. "Binti yangu ana miaka 9. Piano hataki, mpira hataki, anataka viatu vya kugonga. Karibu na kwetu kuna madarasa mawili na yote yameandika tapu. Sasa nimpeleke wapi?" Nikamuuliza kama ameingia kuyatazama. Alikuwa ameingia. La kwanza lina vioo ukuta mzima, watoto wamejipanga safu, mikono juu, wanatabasamu. La pili wamesimama duara, wanatazama chini, muziki hakuna, mwalimu anapiga makofi tu. "Hilo la pili nilidhani watoto wamegombezwa," akasema.

Hawakuwa wamegombezwa. Alichokiona ni mikondo miwili ya dansi moja, ya kugonga sakafu kwa viatu vyenye chuma: tapu ya Broadway, yenye jina la mtaa wa thieta za muziki wa New York, na ile ninayoiita tapu ya midundo, ambayo kwenye matangazo ya huku utaikuta imeandikwa rhythm tap. Mimi nilianzia kwenye vioo, nikakaa miaka miwili, kisha nikahamia kwenye duara na huu ni mwaka wangu wa sita huko. Kwa hiyo nina upande, na sitauficha. Ila upande wangu haumfai kila mtu, na swali la yule dada lilinifanya nikae chini nipime upya.

Hatua moja, vyumba viwili

Viatu ni vilevile: soli ina chuma cha mbele, chini ya vidole, na chuma cha nyuma, chini ya kisigino. Na hatua ya kwanza unayofundishwa ni ileile, shafuli. Unasimama kwa mguu mmoja, goti la mguu wa pili umelikunja kidogo, kifundo kimelegea kama kitambaa kilicholowa. Unapangusa sakafu kwenda mbele, unapangusa kurudi nyuma. Ncha ya kiatu imegusa mara mbili, zimetoka sauti mbili, basi. Mtoto huipata siku hiyohiyo. Mtu mzima huihangaikia wiki kadhaa, kwa sababu anaukaza mguu.

Sasa ipeleke shafuli hiyo kwenye darasa la Broadway. Mwalimu anahesabu moja hadi nane, muziki wa thieta unalia, na haichukui muda kabla shafuli haijaungwa na hatua nyingine tatu, na mikono juu yake. Mikono ni nusu ya kazi. Uzito uko mbele, juu ya vidole, visigino vinaelea. Kifua kimefunguka, kidevu kimeinuka, macho yanamtafuta mtu wa kiti cha mwisho kule nyuma ya ukumbi. Mguu wako ukipanda juu kuliko wa jirani, unaushusha. Kinachotafutwa ni watu 20 wasikike na waonekane kama mtu mmoja, na wakifanikiwa, mwili mzima wa mtazamaji unasisimka. Nimewahi kuwa ndani ya safu ya namna hiyo usiku wa maonyesho na sijasahau.

Kisha ipeleke kwenye duara. Mwalimu wangu wa kwanza wa midundo alitupigisha shafuli hiyo robo saa nzima bila muziki. Tulipochoka akasema tuicheleweshe sauti ya pili, kidogo tu. Kisha tudondoshe kisigino cha mguu tuliosimamia, iwe sauti ya tatu, nzito, kama kiganja kinachoshuka katikati ya ngoma baada ya vidole kugusa ukingo. Ghafla kitu kikaanza kutembea chumbani. Nimekulia Dar es Salaam, magitaa ya Sikinde yakipita dirishani usiku. Mguu wangu ulikuwa unajua kusubiri tangu zamani, hakuna aliyekuwa ameuomba. Kwenye duara magoti yamelegea, uzito unazama sakafuni, mikono inaning'inia inavyotaka. Kutazama chini ruksa, kwa kuwa uko kwenye kusikiliza. Na mwisho wa kipindi kila mtu anapewa mapigo 16 abuni lake papo hapo, anayefuata anampokea bila kuuacha mwendo ukatike.

Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo, na ndicho kitu cha kwanza cha kupima. Broadway utacheza tungo ya mtu mwingine mpaka ikae mwilini mwako. Midundo utapewa hatua chache, uzikariri hadi uziote usiku, halafu utaambiwa sema. Wapo watu wanaoganda kabisa wakiambiwa sema. Wapo wengine wanaofifia wakiambiwa fuata.

Kwa nini zikaachana

Historia hapa nailetea kazi, maana ndiyo inayoeleza kwa nini madarasa ya vioo ni mengi na ya duara ni ya kutafuta.

Tapu ilizaliwa Marekani, pale Waafrika waliofanywa watumwa walipogusana na maskini waliotoka Ireland na Uingereza, kila upande na miguu yake. Mwaka 1739 watumwa waliasi kando ya mto Stono, South Carolina, wakaandamana kwa ngoma. Mwaka uliofuata sheria ya koloni ikawapiga marufuku ngoma. Midundo ikahamia kwenye viganja, mapaja na nyayo. Sisi tuliokua tukiona wachezaji wamefunga njuga miguuni hatuhitaji kuelezwa sana hapo. Miaka 100 baadaye, katika mtaa wa Five Points, New York, weusi na Wairishi waliishi mlango kwa mlango, wakashindana kucheza, wakachukuliana hatua. Huko ndiko alikovuma William Henry Lane, kijana mweusi aliyeitwa Master Juba, ambaye miaka ya 1840 alipambanishwa na mabingwa weupe na baadaye akaenda kucheza Uingereza.

Mgawanyiko wa leo unauona ukiwaweka watu wawili bega kwa bega. Bill Robinson, maarufu kwa jina la Bojangles, alizaliwa Richmond, Virginia, mwaka 1878. Yeye aliinyanyua tapu ikasimama kwenye vidole: nyepesi, safi, wima. Dansi yake ya ngazi, akipanda na kushuka huku kila kidato kikitoa sauti yake, ilimpa jina kubwa, na alipenda viatu vya soli za mbao, bila chuma. Akaja John W. Bubbles, aliyezaliwa 1902, akafanya kinyume. Aliushusha uzito, akaanza kudondosha visigino, akaupunguza mwendo wa muziki ili apate nafasi ya kupachika midundo mingi zaidi katikati. Ndiye anayeitwa baba wa tapu ya midundo. Wachezaji wa Harlem, mtaa wa weusi wa New York, walikuwa na chumba chao, Hoofers Club, ambako mtu angekesha akijaribu hatua, na mwiko mkubwa ulikuwa kuichukua hatua ya mwenzio ukaicheza vilevile bila kuigeuza.

Kisha Hollywood ikaingia. Miaka ya 1930 na 1940 tapu ilikuwa kila mahali: Fred Astaire na Ginger Rogers, Eleanor Powell, baadaye Gene Kelly. Kamera ilitaka mwili mzima, mavazi, safu za wasichana, na huo ndio mtindo uliosafiri dunia nzima. Fayard na Harold Nicholas, ndugu wa tumbo moja, mwaka 1943 katika filamu ya Stormy Weather walishuka ngazi kubwa wakirukiana vichwani na kutua msamba kidato baada ya kidato. Sijaona cha kulinganisha nacho. Lakini sehemu za wachezaji weusi kwenye filamu za wakati ule zilipangwa ili majumba ya sinema ya majimbo ya kusini yaweze kuzikata bila hadithi kuharibika. Nani aonekane na nani aishie kusikika tu, hilo liliamuliwa na wengine.

Halafu ikaporomoka. Mwaka 1944 serikali ya Marekani iliweka kodi nzito kwa kumbi zenye dansi na burudani, bendi kubwa zikaanza kuvunjika, thieta za muziki zikaelekea kwenye baleti, vijana wakahamia kwenye roki. Mtindo wa Broadway ukasalimika ndani ya madarasa ya watoto, kwa kuwa hupangika kwa safu na huonyeshwa vizuri kwa wazazi mwisho wa mwaka. Ule wa midundo ukabaki kwa wazee wachache na kupokezwa mkono kwa mkono. Honi Coles alimfundisha Brenda Bufalino. Jimmy Slyde na wazee wenzake walimlea Savion Glover, aliyezaliwa 1973. Gregory Hines, mchezaji na mwigizaji, alikaa katikati, akiwavuta vijana kwa wazee na wazee kwa vijana. Mwaka 1996 Glover alipanda Broadway na onyesho la Bring in 'da Noise, Bring in 'da Funk, akicheza ameinama, anapiga sakafu kama mtu anayedai haki yake, akaondoka na Tony, tuzo kubwa ya thieta za Marekani, ya upangaji wa dansi. Kwa hiyo jina lisikuchanganye: tapu ya midundo imeshapanda majukwaa ya mtaa wa Broadway, na tapu ya Broadway inachezwa hata kwenye ukumbi wa shule ya msingi. Ninapotaja majina hayo nazungumzia mitindo.

Lile tabasamu

Huku kuna wazazi weusi, Wamarekani wenyewe, wasiotaka hata kusikia watoto wao wamevaa viatu hivyo. Nilipoanza sikuwaelewa. Karne ya 19 wacheza maonyesho weupe walijipaka masizi usoni, wakaigiza watu weusi kama wajinga wenye furaha isiyokwisha, na dansi ya miguu ilikuwa sehemu ya kejeli hiyo. Baadaye wachezaji weusi wenyewe walilazimika kutabasamu hivyohivyo ili wapate mkate. Ndiyo maana Glover kuinama na kutazama chini kulisomwa kama kauli. Mguu uleule kwa mmoja ni ngoma iliyoponea kwenye marufuku, kwa mwingine ni aibu ya babu, kwa bibi wa kizungu aliyekulia kwenye sinema za 1935 ni faraja ya wakati wa njaa. Na kwa Kiingereza, mwanasiasa anayekwepa swali wanasema anacheza tapu.

Hili lina uzito kwenye uchaguzi wako kuliko bei ya viatu. Darasa la Broadway si baya kwa sababu linafundisha tabasamu. Ila mwalimu anayemfundisha mtoto wa Kiafrika kutabasamu hivyo, miaka nenda miaka rudi, bila kumtajia hata mara moja Master Juba, Bojangles au ndugu wa Nicholas, amemnyima nusu ya somo. Mpigie simu umuulize anawataja lini. Tarehe 25 Mei, siku aliyozaliwa Bojangles, ilitangazwa kwa sheria mwaka 1989 kuwa siku ya tapu Marekani nzima. Ukimuuliza mwalimu darasa lake hufanya nini siku hiyo, jibu lake litakuonyesha mengi.

Viatu, sakafu, pesa

Viatu vya kuanzia hupatikana kwa kati ya dola 30 na 60, vya ngozi nzima vya wachezaji wa kazi hupita 200. Usinunue vya bei hiyo mwaka wa kwanza. Cha muhimu ni kiatu cha kamba kinachoshika kisigino. Mimi niliuziwa viatu vilivyozidi nusu saizi, nikaambiwa nitavaa na soksi nene. Kisigino changu kikawa kinaelea ndani, kinashuka kiatu kikiwa kimeshatangulia, na kwa miezi mitatu niliamini mimi ndiye mzito. Kwenye safu ya Broadway kosa hilo lilifunikwa na wenzangu 19. Kwenye duara lilisikika siku ya kwanza. Mwalimu alinivua kiatu, akaingiza kidole nyuma ya kisigino, akanionyesha pengo.

Chuma cha mbele cha viatu vyangu kina skrubu tatu. Ukiilegeza moja kwa robo mzunguko, sauti inafunguka, inakuwa na mlio wa juu kidogo. Ukiikaza inakuwa fupi na kavu. Watu wa midundo hutembea na bisibisi ndogo mfukoni na hubishana kuhusu robo mzunguko huo kama wapiga gitaa wanavyobishana kuhusu nyuzi. Watu wa Broadway wengi hukaza wakasahau, na wako sahihi, maana skrubu inayochungulia huchana sakafu ya ukumbi.

Sakafu haina mitindo, iheshimu popote. Iwe ya mbao na iwe na nafasi ya kunesa chini yake. Saruji, au vigae juu ya saruji, vitakupa maumivu ya ugoko na magoti yasiyoisha. Ukiingia darasani ukakuta ubao mwembamba umelazwa juu ya saruji, ondoka hata kama mwalimu ni bingwa. Nyumbani nina kipande cha plaiwudi, mita moja na robo kila upande, juu ya mkeka mnene wa mpira. Nilikipata baada ya jirani wa chini kupanda ngazi mara mbili, mara ya pili akiwa na mtoto mchanga begani.

Kwenye pesa, Broadway ina gharama zinazochelewa kujitokeza: mavazi ya onyesho, wakati mwingine mawili, na tiketi za familia nzima. Uliza kabla ya kusaini. Midundo haina mavazi ila ina safari. Darasa lililo zuri linaweza kuwa upande wa pili wa jiji. Hapa Chicago tuna bahati ya kuwa na Chicago Human Rhythm Project, iliyoanza 1990, na waalimu wakubwa hupitia mjini. Mtu wa mji mdogo huenda hana uchaguzi, na darasa la vioo lililo dakika kumi kutoka nyumbani linashinda duara usilofika.

Na ile ya Kiirishi?

Wengi huichanganya na tapu tangu Riverdance, onyesho la dansi ya Kiirishi, ilipoonekana Dublin mwaka 1994. Ni binamu. Mikono imenyooka ubavuni, mgongo wima, viatu ni vigumu lakini ncha yake haina vyuma vya tapu, na maisha yake yamejengwa juu ya mashindano na medali. Mtoto anayependa kushindana na kuambiwa hasa kosa lake liko wapi atastawi huko. Kubuni papo hapo hakupewi nafasi kubwa. Dansi ya mabuti ya wachimba dhahabu wa Afrika Kusini nayo ni ndugu wa mbali mwenye hadithi inayofanana na ya marufuku ya ngoma, lakini madarasa yake ya kila wiki ni adimu huku.

Nani aende wapi

Anayetaka jukwaa, anayeota kuimba na kucheza kwenye michezo ya muziki, aende Broadway bila wasiwasi. Kwenye usaili wa kazi hizo anapewa mpangilio dakika chache, anaushika, anaucheza akitabasamu, na midundo pekee haitamfundisha wepesi huo. Mtoto mwenye haya naye mara nyingi hupona ndani ya safu; kuna usalama katika kufanya kitu kimoja na wenzako 20. Na mtu anayehitaji lengo lenye tarehe, onyesho la Juni, atavumilia mazoezi vizuri zaidi.

Anayepiga ala yoyote, anayependa jazi, au mtu mzima anayeanza baada ya miaka 35 kama mimi, namshauri duara. Mwili wa makamo hauhitaji kuruka ili usikike. Wachezaji wa midundo niliowaona wakiwa na miaka 70 na zaidi walikuwa wamesimama karibu mahali pamoja, na ukumbi mzima ulinyamaza kuwasikiliza.

Kwa watoto wa chini ya miaka 7 sioni tofauti ya maana. Chagua mwalimu mpole na sakafu nzuri.

Kuhama nako kunawezekana, ila njia hizi mbili hazina ugumu sawa. Kutoka Broadway kwenda midundo nilitumia karibu mwaka mzima kuvifundisha visigino vyangu kushuka, maana vilikuwa vimezoea kuelea. Wenzangu waliotoka midundo kwenda Broadway walihangaika na mikono na kuinua macho, wakazoea ndani ya miezi michache. Kama huna uhakika kabisa, hilo nalo lihesabu.

Kabla ya kulipa, omba kukaa darasani kipindi kimoja, keti karibu na mlango na ufumbe macho. Kama hatua zinasikika zikiwa safi, moja moja, hata kwa wanafunzi wa mwanzo, mwalimu huyo anasikiliza, wa vioo au wa duara. Kama unasikia mvua juu ya bati, mitindo yote miwili itaharibikia hapo.

Yule dada nilimuuliza swali moja tu pale nje ya kanisa: binti akiwa peke yake nyumbani hufanya nini? Akafikiri. "Anapiga meza kwa kijiko," akasema. "Baba yake anamkataza, akimkataza anahamia kwenye kiti." Ameandikishwa kwenye duara, Jumamosi saa nne asubuhi. Viatu tulikwenda kuvipima pamoja, nikaingiza kidole nyuma ya kisigino mara mbili, na plaiwudi yangu ya zamani, iliyojaa mikwaruzo ya skrubu, sasa iko sebuleni kwao.